Feloshipu za vyuo vikuu kwa wanaoanza uzamili na uzamivu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya sikuyabuni. Nimeulizwa kwenye ngazi za maktaba, ndani ya matatu ya Thika Road, na mara moja matangani, marehemu hata hajazikwa. Anayeuliza kwa kawaida ni kijana aliyemaliza digrii ya kwanza hapa Nairobi: ana akili, ana bidii, ila hana mtu wa ukoo aliyewahi kuipita njia hii. Mimi niliipita. Nilisomea uzamivu Marekani kwa feloshipu ya chuo, kisha nikarudi nyumbani. Ndiyo maana majibu mengi hapa yanaegemea Marekani, ambako neno hili lina uzito zaidi. Kwingine nimepagusa palipohitajika.

Feloshipu ni nini hasa?

Si ile ya Jumatano jioni yenye maombi na chai, ingawa mama yangu alipolisikia neno hili mara ya kwanza alifurahi kwa sababu hiyo.

Ni pesa ambazo chuo hukupa usome na kutafiti bila kukudai kazi. Hayo maneno ya mwisho ndiyo kiini chake. Barua nzuri ya chuo cha Marekani huwa na vitu vitatu: karo inalipwa, bima ya afya inalipwa, na unapewa posho ya kujikimu. Lakini vitu hivyo hivyo vitatu huweza kukujia kwa njia ya ajira: unasaidia kufundisha, unasahihisha mitihani ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, au unafanya kazi kwenye maabara ya profesa fulani, mara nyingi saa 20 kwa wiki. Kwenye feloshipu saa hizo ni zako.

Kwa hiyo ukipata barua mbili, moja ya ajira yenye posho iliyozidi kwa dola 2,000, usiikimbilie. Saa 20 kwa wiki, kwa wiki 30 za masomo, ni saa 600. Umeuza kila saa kwa dola tatu na senti chache. Katika mwaka wa kwanza, ambapo bado unatafuta darasa liko jengo gani na baridi inakushangaza, saa hizo zina thamani kuliko hivyo.

Na skolashipu je?

Majina yanaingiliana, na vyuo vyenyewe havijakubaliana. Usibishane na jina. Soma masharti.

Fomu ya kuomba feloshipu iko wapi? Nimetafuta sijaiona.

Huenda haipo. Kwa feloshipu nyingi za ndani ya chuo, ombi lako la kujiunga na masomo ndilo ombi la feloshipu. Idara inasoma maombi yote, inachagua wachache iliowapenda, inayapendekeza majina yao kwa shule ya uzamili ya chuo, kisha kamati ya maprofesa kutoka idara mbalimbali inaamua nani apewe. Hutaitwa wala kujulishwa kwamba jina lako lilikuwa mezani.

Mambo mawili yanatokana na hapo, na watu wengi huyapoteza yote mawili. La kwanza ni tarehe. Vyuo vingi vina tarehe ya mapema kwa wanaotaka kufikiriwa kwa ufadhili, mara nyingi mapema Desemba, halafu tarehe nyingine ya mwisho kwa wengine wote. Ukiomba Januari kwa kuona "muda bado upo", umeingia mlango wa wanaojilipia. Angalia pia kama kwenye fomu kuna kisanduku kinachouliza kama ungependa kufikiriwa kwa ufadhili. Kiweke alama. Naona aibu kuandika jambo dogo hivi, lakini nimemwona kijana hodari akikiacha wazi kwa unyenyekevu, akidhani kuomba pesa mapema ni utovu wa adabu.

La pili ni msomaji. Idara itaelewa lugha ya taaluma yako, lakini kamati ya chuo huenda ikawa na mwanahistoria anayesoma maombi ya mhandisi wa maji. Aya yako ya kwanza lazima ieleweke na huyo. Kipimo changu ni hiki: mpe dada yako anayefundisha Kiswahili sekondari aisome, kisha akueleze kwa maneno yake unataka kutafiti nini na kwa nini. Akianza kusema "ni mambo ya kompyuta hivi", rudi ukaandike upya.

Nataka uzamili tu, si uzamivu. Kuna feloshipu?

Marekani ni chache. Pesa za vyuo vya huko huelekezwa kwenye uzamivu, na mwanafunzi wa uzamili ndiye anayejilipia. Stanford ina mpango wa Knight-Hennessy unaopokea watu wa shahada zote za juu, hata sheria na biashara, na kulipia hadi miaka 3, lakini unashindana na dunia nzima. Jambo ambalo wengi hapa hawalijui ni kwamba Marekani unaweza kuingia uzamivu moja kwa moja ukitoka digrii ya kwanza. Uzamili haupo kwenye ngazi hiyo kama ulivyo kwetu, ambapo hakuna atakayekusajili kwa uzamivu bila huo.

Ukitaka uzamili wenyewe, elekeza macho Ulaya. Mipango ya Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya hulipa euro 1,400 kwa mwezi na hutozwi karo. Shirika la Ujerumani, DAAD, lina ofisi hapa hapa Nairobi. Gates Cambridge, ya Chuo Kikuu cha Cambridge, iliyoanzishwa mwaka 2000 kwa mchango wa dola milioni 210, hupokea wa uzamili na wa uzamivu. Chevening ya serikali ya Uingereza ni ya uzamili wa mwaka mmoja, ila inadai uwe umefanya kazi saa 2,800, yaani kama miaka miwili, kwa hiyo si ya aliyehitimu juzi.

Nina sekondi apa yenye wastani wa 66. Wataniona mjinga?

Hili linahitaji maelezo, maana hapa ndipo Mkenya anapojiua mwenyewe kabla ya kuuawa.

Kwetu A inaanzia 70. B ni 60 hadi 69. Mhadhiri wa Nairobi anayetoa 80 atasemwa kwenye chumba cha walimu. Kule A inaanzia karibu na 90, na 66 ni alama ya mtu anayeponea chupuchupu. Profesa asiyejua anaifungua karatasi yako, anaona 66, 64, 71, 68, na kabla hajasoma neno lako hata moja ameshakuhukumu.

Dawa yake ni ufunguo wa alama, ile jedwali ndogo ambayo mara nyingi huchapishwa nyuma ya transkripti. Ukiskani transkripti, skani na upande wa nyuma. Kama chuo chako hakina jedwali hiyo, mwombe msajili barua fupi ya kuieleza. Kisha mwambie mmoja wa wahadhiri wanaokuandikia ataje nafasi yako darasani: "wa tatu kati ya wanafunzi 84" ni lugha inayoeleweka Nairobi, Delhi na Chicago. Mimi nilikuwa na 68 kwenye somo ambalo hakuna mtu darasani aliyefika 70. Miaka mitatu baadaye profesa mmoja aliniambia kwamba kamati ilisita kwenye jina langu hadi mtu alipoipindua karatasi.

Usizigeuze alama mwenyewe kuwa za mfumo wao kama hujaombwa. Na usilipie kampuni ya kutathmini vyeti mpaka chuo chenyewe kikutake ufanye hivyo.

Sijapata cheti. Bado nina alama zilizopotea za somo moja la mwaka wa tatu.

Pole. Huu ni ugonjwa wetu, na migomo ya wahadhiri huuzidisha. Habari njema ni kwamba vyuo vingi vya Marekani, wakati wa kuomba, hutosheka na nakala uliyoskani mwenyewe. Ile rasmi inayotoka kwa msajili huitaka baada ya kukupokea. Cheti chenyewe huweza kuonyeshwa kabla tu ya masomo kuanza. Kwa sasa omba idara ikupe barua ya kuthibitisha kwamba umekamilisha masomo.

Lakini anza kuzifuata alama hizo leo. Nenda mwenyewe, na karatasi ya mahudhurio ya mtihani mkononi kama unayo. Barua pepe kwa mratibu wa mitihani ni kama kuongea na mlima wa Ngong.

Mhadhiri wangu ameniambia, "Andika wewe hiyo barua, mimi nitatia sahihi." Niandike?

Hapana. Najua hakukuambia kwa ubaya. Ana madarasa manne, pengine anafundisha zaidi ya chuo kimoja, na huenda yeye mwenyewe aliandikiwa hivyo hivyo. Hata hivyo, barua tatu zilizotoka kwa kalamu moja hunuka. Kamati inasoma mamia, inajua sauti ya kijana anayejisifu akijifanya mzee. Na mara nyingi fomu ya chuo inamtaka mhadhiri apandishe barua mwenyewe, kwa barua pepe yake ya chuo, si ile ya binafsi.

Mpe kitu kingine badala yake: ukurasa mmoja wa kumbukumbu. "Daktari, nilisoma kwako somo fulani mwaka fulani, nikapata alama fulani. Mradi wangu ulihusu maji ya visima vya Mukuru. Ulinikosoa kuhusu namna nilivyochukua sampuli, nikarudi nikachukua upya." Hapo anakumbuka, anaandika kwa sauti yake, na barua inakuwa na jambo la kweli ndani. Mpe wiki sita. Zikibaki mbili, mpigie simu kwa heshima. Zikibaki siku tatu, kaa kwenye benchi nje ya ofisi yake.

GRE na mtihani wa Kiingereza ni lazima?

GRE ni mtihani wa kuomba masomo ya uzamili na uzamivu. Idara nyingi zimeiacha, nyingine bado zinaitaka, kwa hiyo soma ukurasa wa idara yenyewe, si wa chuo. Tangu Septemba 2023 mtihani umefupishwa ukawa wa takriban saa mbili, na ada yake ni dola 220. Kuhusu Kiingereza, vyuo vingi hukusamehe ukithibitisha kwamba ulisomeshwa kwa Kiingereza. Barua ya msajili hutosha. Kuna vinavyoshikilia TOEFL au IELTS hata umtolee nani machozi.

Ada za maombi zinanimaliza. Kila chuo dola 100.

Ni karibu shilingi 13,000, na ukiomba vyuo sita umelipa kodi ya nyumba ya miezi mingapi? Andikia ofisi ya udahili uombe msamaha wa ada. Aya mbili zinatosha: wewe ni nani, na kwamba ada hiyo ni zaidi ya uwezo wako. Vyuo vingi vina utaratibu wa kusamehe, ila havitangazi kwa tarumbeta. Vikikataa, kata orodha. Maombi manne yaliyoandikwa kwa utulivu yana nguvu kuliko kumi ya kukimbizana. Kuhusu kulipa, kama huna kadi ya benki, ile kadi pepe ya Visa ya M-Pesa hufanya kazi kwenye mitandao mingi ya malipo.

Barua imekuja! Dola 27,000. Ni nyingi?

Hongera. Sasa weka simu chini na utafute kalamu.

Kosa la kwanza ni kuzidisha kwa shilingi. Ukifanya hivyo unapata karibu milioni tatu na nusu, unaanza kuahidi watu mabati. Hutaishi kwa shilingi. Uliza kwanza: hizo ni za miezi tisa au kumi na miwili? Barua nyingi husema miezi tisa, na kiangazi unajitafutia. Ukizisambaza mwaka mzima ni dola 2,250 kwa mwezi.

Pili, kuna ada ndogo ndogo. Karo inalipwa, ndiyo, lakini chuo kina ada ya huduma za afya, ya usafiri, ya wanafunzi wa kigeni, ya mazoezi ambayo hutayafanya. Tuseme kwa mfano wetu jumla ni dola 1,800 kwa mwaka. Uliza kwa maandishi nani anazilipa.

Tatu, ushuru. Sehemu ya feloshipu inayolipa karo haitozwi, ila posho ya kujikimu inatozwa. Kwa mwanafunzi wa kigeni mwenye viza ya F-1, ile ya kawaida ya wanafunzi, chuo hukata asilimia 14 ya posho ya feloshipu kabla haijakufikia, na Kenya haina mkataba wa ushuru na Marekani wa kukupunguzia. Asilimia 14 ya 27,000 ni dola 3,780. Mwaka unaofuata unajaza fomu ya 1040-NR, na kwa kuwa viwango vya chini vya huko ni asilimia 10 na 12, kiasi fulani hukurudia. Kuna vyuo visivyokata chochote kila mwezi, na hapo hatari ni kinyume chake: unafurahia, halafu inafika siku ya kujaza fomu unadaiwa maelfu kwa mkupuo.

Sasa toa: 27,000, ondoa 3,780, ondoa 1,800. Zimebaki 21,420, yaani dola 1,785 kwa mwezi. Chumba kwenye nyumba ya kushirikiana kikiwa dola 900, una dola 885 za chakula, basi, simu, koti la baridi na nyumbani. Katika mji mdogo wa chuo katikati ya Marekani unaishi vizuri. New York au San Francisco chumba hicho cha 900 hukipati, na hesabu yote inavunjika. Ndiyo maana dola 27,000 za mji mmoja zinaweza kuzishinda 35,000 za mwingine.

Nne, na hili ndilo la kusoma mara tatu: ni miaka mingapi? Uzamivu huchukua miaka mitano au zaidi. Feloshipu nyingi za wanaoanza ni za mwaka wa kwanza tu, kisha unaingia kwenye kufundisha au maabara, na pengine unarudishiwa mwaka mmoja wa feloshipu mwishoni wa kuandikia tasnifu. Huo ni mpango mzuri kabisa kama umeandikwa. Tafuta kwenye barua maneno yanayosema ufadhili umehakikishwa kwa miaka mingapi, na sharti lake ni nini. Ukikuta "kutegemea upatikanaji wa fedha", ujue ahadi imewekewa mlango wa nyuma. Mwandikie mratibu wa idara: "Katika miaka mitano iliyopita, kuna mwanafunzi aliyekuwa na maendeleo mazuri akakosa ufadhili wa mwaka wa pili?" Jibu litakufundisha, na kimya vilevile.

Posho ya kwanza inaingia lini?

Baadaye kuliko unavyofikiri. Masomo huanza Agosti. Posho yangu ya kwanza iliingia mwisho wa Septemba. Kabla ya hapo mwenye nyumba alitaka kodi ya mwezi na amana ya mwezi mwingine, pamoja, na mimi nilikuwa na dola 400 ndani ya soksi. Nililala kwenye godoro la Mtanzania mmoja mkarimu kwa wiki tano, Mungu ambariki. Ukishakubali nafasi, uliza chuo kama kina malipo ya kuhamia au mkopo wa dharura wa wanaoanza. Mimi sikuuliza. Baadaye niligundua kwamba ulikuwepo wakati wote, ghorofa ya chini ya jengo nililokuwa nasomea.

Tiketi ya ndege na viza analipa nani?

Wewe, kwa kawaida. Fulbright, ufadhili wa serikali ya Marekani, hulipa nauli. Feloshipu ya chuo mara nyingi hailipi. Kuna ada ya SEVIS, mfumo wa Marekani wa kusajili wanafunzi wa kigeni, ya dola 350, ada ya viza dola 185, safari za Gigiri uliko ubalozi wa Marekani, na tiketi ya kwenda tu.

Shida hii ni ya zamani. Mwaka 1959 vijana walikuwa na nafasi katika vyuo vya Marekani, nyingine zikiwa na ufadhili, ila nauli ilikuwa mlima. Tom Mboya akazunguka Marekani kuchangisha, na Septemba mwaka huo ndege iliyokodiwa ikaondoka na wanafunzi 81. Mwaka 1960 wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000, na miongoni mwa waliosafiri mwaka huo ni Wangari Maathai. Kwa maneno mengine, harambee ya nauli si aibu. Ila ifanye mapema na uipangie bajeti iliyo wazi, maana ndege ya Agosti hupanda bei, na wajomba huwa na maswali. Ulizia pia kwenye kituo cha ushauri cha EducationUSA kilicho ubalozini.

Nina mke na mtoto. Naenda nao?

Inategemea viza kuliko feloshipu. Mwenzi wako akiingia kwa F-2, viza ya familia ya mwenye F-1, haruhusiwi kufanya kazi kabisa. Kwa J-2, ya familia ya mwenye viza ya mabadilishano ya J-1, anaweza kuomba kibali cha kazi. Chuo pia kitakutaka uonyeshe pesa za kuwalisha kabla ya kuwaingiza kwenye hati yako, na bima ya afya ya familia ni ghali kuliko ya mwanafunzi peke yake. Wengi niliowajua walitangulia, wakawaita wenzao mwaka wa pili. Si rahisi. Mtoto anajifunza kukuita baba kwenye skrini.

Deni la HELB litanizuia?

Feloshipu haiangalii HELB, bodi yetu ya mikopo ya elimu ya juu. Lakini HELB inakuangalia. Ulipaji unatakiwa kuanza mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, na ukinyamaza kuna faini ya shilingi 5,000 kwa mwezi. Kuwa Ohio si utetezi. Kabla hujaondoka pita Anniversary Towers, au waandikie, uwaonyeshe barua ya chuo na mkubaliane mpango wa malipo. Miaka mitano ya kunyamaza ni shilingi 300,000 za faini tupu.

Nitalazimishwa kurudi Kenya?

Kwa feloshipu ya chuo yenye viza ya F-1, kwa kawaida hakuna sharti hilo. Fulbright hutumia J-1, nayo ina kanuni ya kukaa nyumbani miaka miwili kabla ya kuomba aina fulani za viza. Chevening nayo inataka urudi miaka miwili. Na kama wewe ni mhadhiri msaidizi uliyepewa ruhusa ya masomo na chuo cha umma, soma mkataba wako na mwajiri. Huo ndio wenye meno.

Naweza kuahirisha mwaka mmoja?

Nafasi ya masomo, pengine. Feloshipu, mara nyingi hapana, kwa sababu pesa ni za mwaka ule na jina lako litashindanishwa upya. Pata jibu kwa maandishi kabla ya kuahirisha chochote.

Nikipata feloshipu ya nje na ya chuo, nazichukua zote?

Mara nyingine chuo hupunguza chake, mara nyingine hukuachia nyongeza kidogo juu yake, mara nyingine hukuwekea ile ya chuo uitumie mwaka mwingine. Hilo la mwisho ndilo zuri zaidi, na huwa halitolewi kwa asiyeuliza. Kuificha moja ni kosa linaloweza kukugharimu zote mbili.

Kuna ambazo Mkenya hapaswi kupoteza muda nazo?

Zipo. Ile maarufu ya wakfu wa sayansi wa Marekani, NSF, ya wanaoanza utafiti, ni ya raia na wakazi wa kudumu wa huko tu. Uingereza hali ni afadhali: pesa za uzamivu za UKRI, shirika la umma linalofadhili utafiti huko, zimefunguliwa kwa wageni tangu 2021, lakini wasizidi asilimia 30 ya wanaopokelewa. Posho yake ya chini kwa 2025/26 ni pauni 20,780.

Sitaki kutoka Nairobi. Nina mama mgonjwa. Hakuna kitu hapa?

Kipo, na nakerwa na jinsi kinavyofichwa na kelele za majuu. Kule Kasarani kuna icipe, kituo cha utafiti wa wadudu alichokianzisha Thomas Odhiambo mwaka 1970; mpango wake wa uzamivu, ARPPIS, umekuwa ukilea watafiti wa Afrika tangu 1983. Kwa wanauchumi kuna AERC, muungano wa utafiti wa uchumi Afrika, iliyoanza Nairobi mwaka 1988, yenye mipango ya pamoja na vyuo vya bara hili kwa uzamili na uzamivu. Kwenye afya ya jamii na idadi ya watu kuna CARTA, mpango wa kulea watafiti wa uzamivu, inayosimamiwa kutoka kituo cha utafiti cha APHRC hapa Nairobi, ingawa hiyo ni ya watumishi wa vyuo wanachama, Chuo Kikuu cha Nairobi na Moi vikiwamo. Juja, ndani ya JKUAT, kuna taasisi ya Chuo Kikuu cha Afrika cha Umoja wa Afrika kwa sayansi na teknolojia, yenye ufadhili kwa vijana wa bara zima.

Wangari Maathai alifanya uzamili Pittsburgh, lakini uzamivu wake, wa kwanza kwa mwanamke katika Afrika Mashariki na ya Kati, aliupata hapa Nairobi mwaka 1971. Anayekuambia kwamba kubaki ni kushindwa hajafungua kitabu.

Kuna ajenti mjini anasema kwa shilingi 40,000 atanipatia feloshipu.

Hawezi. Kamati haimjui. Hakuna chuo kitakachokuomba utume "ada ya kushughulikia feloshipu" kwa namba ya simu ya mtu. Kama umeshatuma, ripoti polisi, na umwambie rafiki yako aliyekupa namba hiyo, maana naye huenda anasubiri jibu.

Leo ni Aprili 13. Nina barua mbili na chuo cha tatu hakijajibu. Nifanye nini?

Usiogope, ila usilale mapema. Vyuo vingi vya Marekani vimetia sahihi makubaliano ya Baraza la Shule za Uzamili kwamba mwanafunzi aliyepewa ufadhili halazimiki kujibu kabla ya Aprili 15. Hakikisha kwamba vyako vimo, maana si vyote. Anayekushinikiza ujibu mapema na jina lake limo kwenye orodha, mkumbushe kwa adabu.

Usiku huu andikia chuo cha tatu: una barua nyingine, wao ndio unaowapenda zaidi kama ni kweli, je, uamuzi uko karibu? Kati ya hizo mbili, kama unayoipenda ina posho ndogo, waandikie ukiambatisha ile nyingine uulize kama kuna nafasi ya kuongeza. Huo si ulafi, huulizwa kila mwaka. Ukishaamua, wajulishe pia wale unaowakataa, leo leo. Kuna mtu Kampala au Lagos yuko kwenye orodha ya kusubiri anaomba uondoe mkono wako.

Na angalia saa. Saa sita usiku ya New York, Aprili 15 ikiisha, ni saa moja asubuhi ya Aprili 16 hapa Nairobi. California bado wana saa tatu zaidi. Usitegemee hizo saa tatu. Stima ikipotea Roysambu haiulizi uko kwenye ukurasa wa ngapi.